Mstari wa Njano Mbele ya Stoo

Mama Semina alikuwa amechoka tangu alipokuwa akivaa viatu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na walinzi wa mageti, kwa sababu kila alipotokea na begi lake la kalamu na karatasi kubwa, walijua kuna wakubwa watakaofungiwa ukumbini hadi jioni wakifundishwa namna ya kufanya kazi na wanawake bila kuwashikashika wala kuwawekea masharti ya kitandani. Ujanani alikuwa mpiga chapa. Alihama ofisi nyingi, na kila ofisi ilimzidishia mazoea ya kuweka kiti chake karibu na mlango. Baadaye akawa mjumbe wa chama cha wafanyakazi, kisha mwalimu wa mameneja, na sasa magoti yalikuwa yanamwambia lile lile ambalo mumewe alimwambia kila asubuhi.

"Mke wangu, hawa watu umewafundisha mpaka sauti imekukauka. Wamebadilika?"

"Wamejifunza kujibu," alisema, akabeba begi lake akatoka.

Kiwanda cha siku hiyo kilikuwa cha sabuni, na alikuwa amekwisha kukifundisha mwaka uliotangulia. Meneja mkuu alikuja kumpokea mwenyewe getini. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka na roho nzuri, na siku hiyo uso ulimng'aa kama wa mtoto aliyefaulu mtihani.

"Karibu mama, karibu sana! Mwaka mzima hatujapata lalamiko hata moja. Hata moja! Njoo kwanza nikuonyeshe, ndipo tuanze."

Akamzungusha. Walipita kwenye masufuria makubwa ambako sabuni ilikuwa ikichemka na kuwasha macho, wakapita kwenye mashine ya kukatia, ambako nyaya nyembamba zilikuwa zikipasua miche kuwa vipande, wakafika stoo. Sakafuni, mbele ya mlango, palikuwa pamepakwa mstari mpana wa njano.

"Mwanamke havuki hapa," alisema meneja mkuu, na kifua kikamtanuka. "Akitaka katoni anaita, mwanamume anamletea. Si ulituambia msichana asijikute peke yake na mkubwa, mlango umefungwa? Basi sasa hajikuti."

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye mstari huo na mkokoteni mtupu. "Jamani, stoo!" aliita, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuita sana. Ndani, mkuu wa stoo alikuwa akicheka na simu. Huyu kiwanda kizima kilimwita Shemeji, kwa kuwa yeye aliwaita wanawake wote shemeji, mtu mzima na msichana mdogo, na kwa ushemeji huo wa kujipachika akajipa ruhusa ya utani ambayo hakuna aliyempa. Alipomwona mgeni alikata simu, akaja mbio akinyoosha mikono yote miwili.

"Shemeji yangu wa semina! Tulikukumbuka sana."

Mama Semina alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Mambo aliyoyasema mwaka jana aliyakumbuka vizuri. Kumbe waliyasikia, wakayageuza kuwa rangi ya sakafuni. Moyo ulimvunjika pale pale, na bado hata chai hajanywa.

Alikuwa akinawa mikono bombani wakati yule mwanamke wa mkokoteni alipomfuata. Wenzake walimwita Fundi wa Waya, kwa sababu waya ukikatika kwenye mashine ya kukatia ni yeye aliyeufunga upya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Kazi ndiyo inaniponyoka. Leo jioni wanatangaza msimamizi wa zamu. Walishaniambia ni mimi. Sasa wanasema msimamizi lazima aingie stoo kukagua sabuni, na mimi siruhusiwi kuvuka. Wanampa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe." Alifunga bomba, ingawa Mama Semina alikuwa bado na povu mikononi, akalifungua tena haraka. "Samahani, mama. Sikulaumu. Lakini somo lako limenikaba koo."

"Nani alifanya nini, mpaka mstari ukapakwa?"

"Nani tena kama si Shemeji? Kulikuwa na binti wa kufungasha. Alimfungia humo stoo, akamshika kwa nguvu. Binti akaenda kusema. Wakasema wanamlinda, wakampa ufagio, akawa anafagia uani huko nyuma peke yake, mpaka akachoka akaondoka. Shemeji hajahama hata kiti."

"Niyaseme hayo ukumbini?"

"Usinitaje, mama, nakuomba. Nina watoto. Mimi nataka kazi yangu tu."

Mama Semina alijifuta mikono kwenye kitambaa chake polepole, akifikiri. Asingeweza kumtaja. Akinyamaza, jioni kazi ya mwanamke huyu imekwenda.

Ukumbi wenyewe ulikuwa bwalo la chakula. Mameneja na wakuu wa idara walikuwa wameketi, na Shemeji alikuwa mstari wa mbele, kalamu mkononi. Kila Mama Semina alipouliza swali, Shemeji ndiye aliyejibu, na alijibu sawasawa. Idhini ni nini? Alijua. Mkubwa anaweza kutumia vipi cheo chake vibaya? Alijua, na mifano akatoa. Wanaume wa namna hii ndio waliomchosha Mama Semina kuliko wale wanaobisha na kupiga meza. Anayebisha angalau unajua mlango wake uko wapi.

Baada ya chakula aliyakunja makaratasi yake yote, akayarudisha kwenye begi.

"Inukeni," alisema. "Tujenge kiwanda hapa hapa. Viti hivi ni mashine ya kukatia. Meza ile ni stoo. Nani anakaa stoo?"

"Mimi, shemeji," Shemeji alijibu, akaenda kukaa kwenye meza akitabasamu.

Mama Semina akachukua ufagio uliokuwa pembeni, akaulaza sakafuni mbele ya meza. Akamwambia meneja wa mauzo atoke kwenye mashine aende kuchukua katoni, kama mwanamume. Meneja huyo akaenda moja kwa moja, akarudi. Kisha Mama Semina akamgeukia meneja mkuu.

"Wewe sasa ni mwanamke."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Meneja mkuu naye akacheka, akajifunga koti kiunoni, akaanza kutembea kwa madaha. Alipofika kwenye ufagio akasimama.

"Ita," alisema Mama Semina.

"Stoo!" aliita. Hakuna aliyeinuka. "Stoo!" Kicheko kikaanza kupungua. Mama Semina akamwacha asimame pale. Jasho lilimtoka. Akaita tena, safari hii bila madaha.

"Mama, sasa nifanye nini?"

"Hakuna la kufanya. Mwaka mzima wamesimama hapo hapo. Sasa nisikilizeni wote, swali ni moja tu, tena hamjibu kwa mdomo. Ni nani akitoka kwenye hii picha, ufagio unaondoka?"

Wengine waliangalia viatu vyao, wengine dari. Halafu macho, moja moja, yakashuka na kutua mezani. Meneja mkuu alikuwa wa mwisho, na alipotazama, alitazama muda mrefu.

"Mbona mnanitazama mimi?" Shemeji aliuliza. Jina lake halikuwa limetajwa na mtu. "Shemeji, unanionea."

"Mimi si shemeji yako," alisema Mama Semina.

Meneja mkuu alifungua koti kiunoni. Alionekana mzee ghafla. "Mama, suala hili tutalifanyia kikao."

Mama Semina alivijua vikao hivyo. Alikuwa amepiga chapa kumbukumbu zake miaka na miaka. Akavuta kiti, akakaa, akavua viatu.

"Fanyeni. Wote mpo. Mimi miguu inaniuma, nasubiri."

Kikao kikafanyika hapo hapo, kwa kelele na kwa aibu. Shemeji aliapa, akatania, mwisho akatukana. Walikubaliana kwamba lalamiko la mwaka jana lifunguliwe upya, binti asikilizwe kama anavyostahili, na mpaka hapo Shemeji asikanyage stoo. Shemeji akaacha funguo mezani, akatoka bila kumuaga mtu. Fundi wa Waya akaitwa. Meneja mkuu akamkabidhi funguo, akamwambia yeye ndiye msimamizi wa zamu na mstari utafutwa kesho.

Fundi wa Waya alizishika funguo lakini hakutabasamu. Sasa kazi ilikuwa mkononi, na woga wa asubuhi ulikuwa umemtoka.

"Asante, bosi. Na yule binti? Nani atakwenda kumwambia kwamba hakukosea?"

Meneja mkuu akamgeukia Mama Semina, kama walivyomgeukia wote, kila mahali, miaka yote.

"Usinitazame mimi," alisema Mama Semina, akitafuta kiatu kwa mguu chini ya meza. "Mimi naondoka. Wewe ndiye uliyempa ufagio."

Meneja mkuu aliketi. Akamwuliza Fundi wa Waya, kwa sauti ndogo, kama anajua binti huyo anakaa wapi.