Karani Asiyepokea Viazi

Karani wa misamaha ya kodi pale Dodoma haamini karatasi mpaka aipapase. Hupitisha kidole gumba juu ya muhuri, huinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, kisha huuliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Una hakika, mama?" Swaumu alikuwa ametoka kijiji cha Busi kwa ajili ya klabu yao ya akina mama, inayowapikia wagonjwa wasio na ndugu hospitalini. Bila barua ya msamaha, majiko waliyopewa na wafadhili yangeozea forodhani. Swali lile alishaulizwa mara sita, na kila mara hakika yake ilizidi kupungua.

"Mnalisha watu, sawa. Wakiwa ni wanachama wenyewe, msamaha hakuna. Nitajuaje?" karani akauliza. Swaumu akamsogezea kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha. Karani akakirudisha kwa ncha ya kalamu, kama anayesukuma kinyonga. Kwa kuona haya, Swaumu akampa kiazi mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Karani akavua miwani. "Unamfahamu huyo?" "Hata jina simjui." Karani akamgeukia mzee. "Shikamoo. Wewe ni mwanachama wa klabu hii?" "Marahaba. Klabu ya wanawake, mwanangu?" "Jibu ndiyo au hapana." "Hapana," mzee akasema huku akitafuna, "ila kwa viazi hivi, nipeni fomu nijiunge." Karani akaruka kitini, mkono ukiutafuta muhuri mezani. "Usijiunge, mzee! Ngoja kwanza nigonge!"