Mahbuba na Sahani Isiyorudi Tupu

Mahbuba alihamia ghorofa ya tatu, juu yetu hapa Maskati, siku ya Alhamisi. Ijumaa baada ya sala nikampelekea sahani ya pilau. Sikuona kama nimefanya jambo kubwa. Jirani kaja, jirani hupelekewa chakula. Ndivyo nilivyomkuta marehemu mama yangu akifanya Unguja, na ndivyo Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alivyotuusia, kwamba ukipika mchuzi zidisha maji umkumbuke jirani yako.

Jumamosi asubuhi nikasikia hodi. Mtoto wa kike wa miaka tisa hivi amesimama mlangoni, kashika sahani yangu kwa mikono miwili kama kabeba yai.

"Shikamoo Bibi Khole. Mama anakusalimu, anasema ahsante."

"Marahaba mwanangu. Jina lako nani?"

"Ruqaya."

Nikafunua kitambaa. Ndani nikakuta tende za khalas, zile nzuri za bei, zimepangwa mstari mstari. Moyo wangu ukafurahi. Nikamwita binti yangu Nouf, anayefanya kazi wizarani, nikamwambia, "Njoo uone. Watu wa Tanga hawa wana adabu zao."

Maana kwetu sisi watu wa pwani chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa wali, sahani unaiosha, unatia chochote Mungu alichokujaalia, ndipo unairudisha. Kuirudisha tupu ni kama kumwambia mwenzio kwamba wema wake umeuona na umeupita. Mie mwenyewe nna zaidi ya miaka hamsini, na sikumbuki kurudisha chombo kitupu hata siku moja.

Basi ikawa kila Ijumaa sahani inapanda, kila Jumamosi inashuka. Mara ina sukari, mara halwa, mara machungwa. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, wageni hawa wana uwezo. Na mie nikaongeza. Pilau ikawa biriani, sahani ikawa sinia.

Wallahi, natamani ningeuliza kwanza.

Mahbuba kazaliwa Tanga, mtaa wa Ngamiani. Mumewe, Yaqoob, anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli kule Qurum. Yeye anatia shanga mabaibui katika duka la mshoni, nyuma ya barabara kubwa hapa Khuwair. Alipokuja Maskati alimwacha Ruqaya kwa bibi yake, akawa anamwona kwenye simu tu, miaka miwili. Kisha akajinyima mpaka akapata pesa ya kumleta. Siku mtoto alipotoka pale uwanja wa ndege, Mahbuba kamkimbilia, na mtoto akasimama, akainamisha kichwa, akamwambia, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mgeni aliyekuja nyumbani. Alinihadithia hilo baadaye sana, sindano mkononi, bila ya kuinua uso. Ndiyo siku aliyoapa kwamba mwanawe haondoki tena mbele ya macho yake.

Lakini kuishi hapa kuna bei. Nduguze wa Tanga wanamwita tajiri, mmoja kamtumia ujumbe wa sauti anataka simu ya kioo kikubwa. Wao wanaona riali. Riali moja ukiipeleka Tanga ni pesa, ukiibakisha Maskati ni nyanya na mkate. Kuna kodi, kuna umeme wa kiyoyozi, kuna skuli na basi la skuli, hata maji ya kunywa yananunuliwa. Na kabla ya Ramadhani mwenye nyumba akawaambia mkataba unaisha baada ya Idi, na kodi itapanda riali thelathini.

Yaqoob ni mtu mpole, hana maneno mengi. Alikaa usiku huo akapiga hesabu zake, akasema, "Ruqaya itabidi arudi kwa bibi yake. Mpaka mambo yakae sawa."

"Mambo hayakai sawa yenyewe," Mahbuba akamjibu. "Hukalishwa. Nipe mwezi mmoja."

Mwezi wenyewe ndio Ramadhani.

Haya yote mie wakati ule siyajui. Nilichokijua ni kwamba mwezi wa kheri umeingia na juu yangu kuna jirani mwenye mtoto. Ijumaa ikawa kila siku. Kabla ya maghribi nampelekea bakuli la shurba, ile supu nzito ya ngano na nyama. Mama Loay wa ghorofa ya pili naye hakukubali kuachwa nyuma, akapeleka sambusa na vipopoo vya tui. Na Bi Bashayer, mlango wa pili wake, akaanza na yeye. Vyombo vitatu kwa siku. Tulishindana kutafuta thawabu, na hatukujua nani anailipia.

Siku ya kumi na mbili Nouf kachelewa, nikapanda mwenyewe na bakuli langu, taratibu, maana magoti siku hizi yananishauri. Nikafika mlango uko wazi kidogo. Kabla sijapiga hodi nikamsikia Ruqaya.

"Mama, tufaha moja tu. Leo nimefunga mpaka mwisho."

"Hayo si yetu, mwanangu. Mawili ya Bi Khole, mawili ya Mama Loay, mawili ya Bi Bashayer."

"Bibi Khole anayo mengi! Nimeyaona kwenye friji lake, yamejaa!"

"Kuwa nayo si hoja. Chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Nikabaki pale nje, bakuli linaniunguza vidole. Hapo ndipo nilipofahamu. Mahbuba kwa nyumba yake angepika uji na mihogo, wakafuturu, wakamshukuru Mungu. Sisi tukamletea nyama, naye hawezi kuijibu nyama kwa mihogo. Shurba yangu inaliwa maghribi na kuisha, na pesa ya matufaha inatoka kila siku na hairudi.

Nikapiga hodi, nikampa bakuli, nikateremka.

Kesho yake Ruqaya akaja na bakuli. Ndani matufaha mawili, yameng'arishwa. Nikamwambia akae kidogo.

"Bibi," akaniambia, "nikienda Tanga sitakunywa tena shurba yako."

"Unakwenda likizo?"

"Baba anasema nitakwenda baada ya Idi. Mama anasema siendi. Tunatafuta nyumba ya bei ndogo, mama anakwenda kwa miguu kuziangalia, lakini bado."

Usiku nikamweleza Nouf. Akacheka, si kwa ubaya, ndivyo alivyo.

"Mama, mbona rahisi! Tia kwenye vile vibati vya kutupa. Chombo cha kutupa hakina kurudi. Khalas, yamekwisha."

Nikaona mwanangu kasoma, ana akili. Nikanunua vibati, nikatia shurba, nikafunika, nikapeleka. Asubuhi hodi. Ruqaya kashika kibati. Kimeoshwa, mikunjo yote imenyooshwa kwa mkono mpaka kinakaribia kuwa kipya, na ndani mna embe.

Nouf alikaa chini kwa kucheka. "Huyu mwanamke kiboko, Mama! Mpelekee kwenye karatasi, ataipiga pasi akurudishie!"

Mie sikucheka. Nikajaribu njia ya tatu, nikaacha kupeleka. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili, kabla ya alasiri, Mahbuba mwenyewe mlangoni, kajitanda kanga, macho chini.

"Bi Khole, shikamoo. Nimekuja kuuliza kama nimekukosea."

"Marahaba. Hata, mwanangu! Hujanikosea kitu."

"Nimeona kimya."

Nikasema nilikuwa naumwa magoti. Mungu anisamehe, na huku nimefunga. Maghribi nikapeleka bakuli kama kawaida, na asubuhi likarudi na matufaha.

Nikaswali istikhara, nikamwomba Mola anifungulie. Ijumaa asubuhi nikapanda mikono mitupu. Yaqoob alikuwa kazini. Mahbuba kakaa chini ya dirisha, baibui mapajani, anatia shanga moja moja.

"Mahbuba, mwanangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena, Bi Khole?"

"Ya matufaha."

Sindano ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Masikio yangu, hapo mlangoni. Na mtoto kidogo. Usimpige."

"Simpigi." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nimekwisha pata nyumba," akasema. "Mulhaq, Amerat, nyuma ya milima. Chumba kimoja na jiko, ubavuni mwa nyumba ya watu wazima wawili, watulivu. Kodi yake tunaiweza, na skuli ipo karibu. Yaqoob itabidi atoke na basi la alfajiri, amekubali. Ila mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza mkononi kabla ya ishirini na saba. Baada ya hapo anampa mwengine."

"Na umepungukiwa."

"Riali kumi na tano."

Nikahesabu moyoni, vyombo vitatu mara siku kumi na kitu. Hizo kumi na tano tumezila sisi. Ni sisi wenyewe. Nikasema, "Nnazo kumi na tano, nimeziweka kwa ajili ya sadaka."

Akainua uso. Ndiyo mara ya kwanza kunitazama sawasawa. "Bi Khole, mimi nina mikono miwili na mume wangu ana mikono miwili. Sadaka ina wenyewe. Sichukui."

"Basi chukua mkopo."

"Nikikopa hapa nitalipa kule. Nimetoka na deni Tanga, nimelimaliza mwaka jana, nimeapa. Zimebaki siku tisa. Nashona mabaibui mawili ya ziada kwa wiki, tajiri wangu wa dukani kakubali, na cherehani kaniazima. Zitatimia."

"Hazitatimia ukinunua matufaha."

Akaichomeka sindano kwenye baibui.

"Rudisha vyombo vitupu, mwanangu. Siku tisa tu."

"Afadhali ungeniambia nikalale njiani. Mama yangu akisikia, atasema kanilea bure."

"Mama yako yuko Tanga. Hapa pahala pake nimekaa mie, kama utaniruhusu. Na mama na mwana hawarudishiani chombo. Nyumba moja hiyo. Sahani inatoka jikoni inakwenda ukumbini, nani anaitilia tende ikirudi jikoni?"

Akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na Mama Loay? Na Bi Bashayer? Hao nao mama zangu?"

"Ntazungumza nao."

"La, Bi Khole. Niachie." Akashika tena sindano. "Aibu ni yangu, nitaibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwao. Nikiweza hilo, hakuna litakalonishinda."

Alikwenda mchana ule ule. Mama Loay alinisimulia kwamba kasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Kasema, "Natafuta kodi nisitenganishwe na mwanangu. Mpaka ishirini na saba vyombo vyenu vitarudi safi lakini vitupu, na kama mtaona bora msilete, nitafahamu." Mama Loay, mwanamke ana ulimi kama wembe, akamkubalia papo hapo. Jioni kapeleka sambusa mara mbili.

Asubuhi ya Jumamosi Ruqaya kashuka na bakuli langu. Limeoshwa, limekaushwa, halina kitu.

"Mama kasema nikupe hivi hivi," akaniambia. "Na kasema nisikimbie."

Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema Bismillahi, kama napokea kilichojaa. Nikafungua friji, nikatoa tufaha kubwa kuliko yote, nikamwambia, "Hili si la chombo. Hili la maghribi yako."

Akalificha ndani ya nguo, akapanda ngazi mbili mbili.

Siku tisa bakuli likapanda limejaa, likashuka tupu. Siku za mwanzo zilimuuma mtoto, baadaye akawa anaimba nalo ngazini. Usiku nikisikia cherehani juu ya kichwa changu mpaka karibu ya daku, nikawa natia dua. Siku ya ishirini na sita, baada ya alasiri, Yaqoob kabisha hodi kwetu na tabasamu. Sijapata kumwona akitabasamu kabla.

"Tumelipa, Bi Khole. Mahbuba kazitimiza. Zimebaki riali mbili juu."

"Na tiketi ya Ruqaya ya kurudi Tanga?"

"Tiketi gani?" akasema. "Mama yake kaniambia nikilitaja tena neno hilo nitakwenda mimi."

Siku ya tatu ya Idi Nouf akanipeleka Amerat kwa gari. Kupanda mlima, kushuka mlima, mwanangu analalamika petroli, mie nimekumbatia sinia la biriani. Mulhaq wenyewe mdogo, ukifungua mlango umefika jikoni. Lakini daftari za Ruqaya zilikuwa zimepangwa dirishani, na sare yake ya skuli imetundikwa msumarini, imepigwa pasi na mtu anayejua kupiga pasi. Mtoto alikuwa anamgombeza mama yake kwa sauti kubwa kwamba kamfungia nywele zikambana. Mahbuba kaniangalia, na mie nikamwangalia. Mgeni hagombezwi hivyo.

Wakati wa kuondoka Ruqaya kaleta sinia langu, limeoshwa, linachuruzika maji.

"Mama, la Bibi hili. Nilitie nini?"

Mahbuba alikuwa anakunja kanga. Hata hakugeuka.

"Usitie kitu," akasema. "Mpe Bibi yako, arudi nalo kwao jikoni."