Ukuta wa Bwalo

Kila mwaka wageni wa kanisa walipofika kwenye makao ya watoto yatima, walipaka rangi ukuta uleule wa bwalo. Mama Mpishi, aliyepika pale miaka ishirini, aliwatazama tu. Mwaka huu uvumilivu ulimshinda. Alifungia mikebe ya rangi stoo, akamkabidhi mchungaji wao sindano, uzi, kopo la vifungo na rundo la mashati ya shule yaliyokatika vifungo.

"Baba Mchungaji, ukuta hauendi shule," alisema.

Mchungaji alicheka hadi machozi, kisha akaketi jikoni kushona, akijichoma vidole. Asubuhi iliyofuata watoto walitoka kwenda shule wamefunga vifungo hadi shingoni.

Siku ya kuagana mchungaji alimwuliza, "Mama, mwakani tuje na nini?"

"Njooni mikono mitupu," akajibu. "Kazi nitawapangia mimi."