Salma Alipokwenda Kilimanjaro

Majira ya kukamua alizeti, Haneti yote ilinuka mashudu. Mashine ya mafuta ilikuwa jirani na nyumba yetu, na tangu asubuhi ilipoanza kunguruma mpaka jua linazama, harufu ile nzito ya kitu kinachotaka kuungua ilituingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye uji. Kipupwe kilikuwa kimeshaanza. Upepo ulishuka kutoka vilimani, mkavu, wa kupasua midomo, ukibeba vumbi jekundu na makapi ya mtama, na sisi watoto tulitembea tumekumbatia mabega yetu wenyewe, miguu imepauka kama tumepakwa majivu. Siku hizi naishi Dodoma mjini, na kila nikipita dukani wanapouza mashudu ya kulishia kuku, napunguza mwendo. Wenzangu hudhani ni hamu ya nyumbani. Ni wivu. Ni msimu ule ambao mdogo wangu Salma aliandaliwa kwenda kuuona mlima Kilimanjaro, na aliyemwandaa ni mimi.

Salma na mimi tumefuatana ziwa. Baba yetu alitoka Kondoa akaja Haneti kununua alizeti na ufuta, akapapenda, akajenga. Mwaka ule mama alikuwa mjamzito, na mimba ile ilimsumbua. Miguu ilimvimba mpaka kandambili hazikumwingia, na nesi wa zahanati alikuwa amemkataza kubeba ndoo. Katikati ya mavuno akaja mjomba Idi, kaka yake mama, ambaye alikuwa mpishi wa misafara ya watalii wanaopanda Kilimanjaro. Aliishi Moshi na alikuja kwetu mara chache sana, lakini akija, nyumba nzima ilisimama kumsikiliza. Alituambia juu kule maji huganda ndani ya birika. Alituambia kuna msitu ambao miti yake imeota ndevu, na mbega wenye mikia mirefu myeupe huruka juu ya vichwa vya watu bila kelele. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake nachambua mlenda, na mikono ilisimama yenyewe. Kisha akasema lile neno. Shule zikifungwa atamchukua mtoto mmoja, amwingize hifadhini, wapande naye mpaka kwenye vibanda vya kwanza na kurudi. Mmoja tu, maana gari la kuwafikisha getini lilikuwa la watu.

Nilijua ni mimi. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa wa kwanza darasani katika jiografia, na nilikuwa nimeshaanza kumuuliza mjomba kama mbega huuma. Mama wala hakufikiri. Alisema, "Ataenda Salma." Mjomba akanitazama mimi, akamtazama mama. "Hadija je?" Mama akajisogeza kwenye mkeka, akacheka kidogo, "Hadija nimwachie nani? Salma ukimtuma maji anarudi na hadithi. Hadija ndiye mkono wangu." Watu wote wakatabasamu, wakanitazama kama mtu aliyepewa zawadi. Nikainama nikaendelea kuchambua mlenda. Siku ile nilijifunza kwamba mtu anaweza kusifiwa na kunyimwa kwa sentensi moja, na ukilia utaonekana huna shukrani.

Basi maandalizi yakaanza, na kwa kuwa nilikuwa mkono wa mama, yakaniangukia mimi. Simu ya baba haikushika mtandao nyumbani. Mpaka upande kichuguu nyuma ya msikiti, usimame kwenye ncha yake, umeelekea upande wa barabara. Salma aliogopa siafu. Nikawa mimi ndiye napanda kichuguu kumpigia mjomba, upepo ukinipiga masikioni, na yeye huku akipaza sauti kama yuko juu ya mlima kwelikweli. Viatu viwe vimeshavaliwa, vipya humchubua mtu. Soksi nzito. Nguo ya mvua, maana msituni hunyesha hata kama mjini jua linawaka. Atembee taratibu, anywe maji kabla ya kiu, aangalie anapokanyaga kwa sababu ya mizizi. Yote hayo niliyashika kichwani na kuyarudia nikishuka kichuguu, na nikifika nyumbani namkuta Salma anaruka kamba. "Mjomba anasemaje?" anauliza bila kusimama. Nikimweleza, kamba inaendelea kuzunguka. Swali lake lilikuwa moja tu, kama basi la kwenda Moshi lina televisheni.

Siku ya mnada mama alinituma nikamchagulie sweta kwenye mitumba. Nililitafuta kwenye marundo mpaka muuzaji akachoka na mimi. Nikalipata la buluu, la shingo ndefu, zito, halina hata tundu. Kwa kuwa tulikuwa karibu sawa kwa umbo, nililijaribu mwilini mwangu, na sikulivua tena mpaka mlangoni kwetu. Njia nzima watu waliniambia nimependeza. Kuhusu viatu, Salma alivivaa jioni moja akasema vinamuumiza, akavisukuma chini ya kitanda. Nikavichukua. Nilivivaa kwenda kisimani, nikavivaa kukata kuni, nikavivaa kupeleka chakula kwa vibarua waliokuwa wanapiga alizeti shambani. Vilikuwa viatu vya ngozi vyenye soli ya meno, na nyuma yangu viliacha alama kwenye vumbi ambazo nilikuwa nageuka kuzitazama. Vikalainika. Ila vililainika kufuata miguu yangu.

Mjomba alikuwa amesema mtoto azoezwe kupanda. Nyuma ya kijiji kuna kilima cha mawe chenye vichaka vya miiba, na karibu kila alasiri, nikishamaliza kazi, nilimvuta Salma mkono twende. Mimi nilipanda mbio. Nilifika juu, nikasimama kwenye jiwe kubwa, nikauona uwanda wote wa Haneti umelala chini, mashamba ya njano yaliyovunwa nusu, moshi wa mashine, barabara ikipotea kuelekea Kondoa. Nilikuwa najiambia kwamba hata mlima mkubwa huanzia hivi. Kisha nikageuka, nikamwona yeye yuko katikati, amekaa, anatoa mwiba wa uongo kwenye soli. Siku moja, zikiwa zimebaki siku chache shule zifungwe, hasira ikanishinda. Nikashuka nikamwambia kwamba angekuwa mtu mwingine angeshukuru, kwamba mlima unapelekewa gunia la mchanga. Salma akanitazama, machozi yakaanza kumtoka.

"Dada, mimi sikuomba," akasema. "Naogopa. Nenda wewe basi."

Nilimwambia arudie. Akarudia. "Nenda wewe. Mimi nitabaki na mama."

Sijui nilishukaje kile kilima. Nakumbuka miiba ikinichana miguu na mimi sisikii. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda anapepeta uwele, nikasimama mbele yake nikihema, nikamwambia kwamba Salma hataki kwenda, kwamba amesema mwenyewe niende mimi, muulize. Mama aliendelea kupepeta. Makapi yakaruka, yakamkaa kwenye ushungi. Salma naye akafika, akasimama nyuma yangu, akasema, "Ni kweli, mama." Hapo mama akaweka ungo chini. Alitushika kwa macho, mmoja baada ya mwingine, kisha akanivuta karibu na kusema kwa sauti ya chini, kama vile tulikuwa watu wazima wawili, "Hadija, mimi naogopa. Mimba hii siielewi. Siku ikifika nataka nikigeuka nikuone wewe. Salma hawezi. Wewe unaweza." Nikamjibu, "Sawa mama." Ningemjibu nini tena? Lakini usoni pa Salma niliona kitu kimepita, na wakati ule sikukijali, nilidhani ni woga tu wa safari.

Alisafiri na baba asubuhi ya baridi, amevaa lile sweta. Baba alikwenda kumkabidhi kwa mjomba Moshi, kisha ashughulikie wanunuzi wake huko. Nilibeba begi lake mpaka kituoni, nikamkumbusha kila kitu tena, na zaidi ya yote nikamwambia aangalie miguu yake, mizizi isimwangushe. Basi lilipoondoka alinipungia mkono dirishani, nami nikampungia, na nilitamani lipate pancha. Nilirudi nyumbani nikihesabu kichwani wapi watakuwa wamefika, Kondoa, Babati, Arusha, na kila mji uliniuma kivyake.

Siku mama alipopata uchungu jua lilikuwa limepanda. Ulianza akiwa jikoni, mapema kuliko nesi alivyosema, akashika nguzo akaniita jina langu. Nikamwita jirani kwa kelele, akakimbilia zahanati. Nikatandika kanga safi, nikateleka maji, nikakaa chini nyuma ya mama, mgongo wake kifuani pangu. Alinishika mikono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia kwenye nyama. Hakupiga kelele. Alikuwa ananiambia nisimwache, nami nilikuwa namwambia siendi popote, siendi popote, na kwa muda ule ilikuwa kweli kabisa. Hakukuwa na mlima popote duniani. Nesi alifika mtoto akiwa ameshatokeza kichwa. Alikuwa mvulana, mweusi kwa uchovu, akakaa kimya kwa kitambo kirefu, kisha akalia. Mama akacheka na kulia pamoja. Aliponiuliza tumwiteje nikasema Shabani, na ndiyo jina lake mpaka sasa.

Baba na Salma waliporudi, ua ulijaa watu. Walikuja kumwona mtoto, na walikuja pia kumsikia Salma, maana Haneti hakukuwa na mtoto mwingine aliyefika kule. Alikaa katikati, kwenye kiti cha baba, na lile sweta la buluu likiwa limechafuka matope ya nchi nyingine, meusi. Wakamuuliza mlima ukoje. Akasema kuna baridi. Wakamuuliza ndevu za miti. Akafikiri, akasema labda zilikuwepo. Mbega? Aliwasikia. Nikashindwa kuvumilia, nikauliza kwa ukali, "Sasa uliona nini?" Salma akanijibu, "Niliangalia miguu yangu, dada. Si uliniambia?" Watu wakacheka. Akaongeza kwamba mlima wenyewe hawakuuona. Siku zote alizokuwa kule mjomba alimwonyesha mawingu, akamwambia uko nyuma yake. Nikaanza kueleza mimi. Nikaeleza birika lililoganda, mvua ya msituni, mkia mweupe unaopita juu ya kichwa, na watu wakageuza shingo kunielekea. Nilieleza siku ile, na nyingine nyingi baada yake, shuleni na kisimani, mpaka kuna waliosahau ni nani aliyepanda basi.

Jioni ile ile Salma aliomba kumbeba Shabani. Mtoto akalia mikononi mwake, nilipompokea akanyamaza. Salma akasimama amening'iniza mikono. "Amekuzoea wewe," akasema. "Na mama pia. Siku hizi mnaongea kwa macho tu." Aliingia ndani bila kula. Nilimwona, na ukweli ni kwamba moyo wangu haukulainika hata kidogo. Alikuwa ameiona Moshi.

Miaka imepita. Salma ana duka la vitambaa Kondoa, Shabani yuko chuoni, na mimi ni mtumishi wa serikali hapa Dodoma, nina watoto wangu. Mwaka huu shule ya binti yangu, Nuru, inawapeleka wanafunzi Kilimanjaro, kwenye vibanda vilevile. Maandalizi yake hayana kichuguu. Amekaa kwenye kochi, kwenye simu anaiona njia yote, gogo kwa gogo, anaona picha ya kibanda, anaona kama Jumamosi kutanyesha. Viatu vililetwa na bodaboda mpaka getini. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mkono wa mtu. Nimejikuta namtazama binti niliyemzaa kwa jicho lile nililomtazamia Salma, na nimeona haya. Mimi mwenyewe sijawahi kwenda. Likizo ninazo, na kila mwaka nasema mwakani.

Mama yuko kwangu tangu alipoanza kliniki ya macho. Alasiri moja wiki iliyopita alikuwa amekaa na Nuru sebuleni, mimi nakunja nguo, na Nuru akamuuliza, "Bibi, eti ni nani kwenu aliyewahi kupanda?"

"Si mama yako huyo," mama akajibu upesi, kwa fahari. "Alipanda akiwa mdogo kama wewe. Alirudi anatusimulia mwaka mzima, mbega, ndevu za miti, sijui nini. Mimi nilikuwa na mimba ya mjomba wako Shabani. Namshukuru Mungu Salma alibaki. Salma ndiye aliyenishika siku ile, mgongo wangu kifuani pake. Asingekuwepo yeye, sijui."

Nikaweka nguo chini. "Mama, ni mimi niliyebaki. Salma ndiye aliyekwenda."

Alinigeuzia uso, macho yake yenye ukungu yakinitafuta mahali nilipo. "Haya mwanangu," akasema kwa upole, kama mtu anayemkubalia mtoto asilie. "Ni wewe." Kisha akamgeukia Nuru, akamshika goti. "Mpigie mama yako mdogo Salma. Nataka kumsalimia."

Utotoni nilidhani hakuna kitu kikubwa kuliko mlima ambacho mtu angeweza kupewa ninyimwe mimi. Nuru akapiga simu, akaweka sauti ya nje, na Salma akaitikia kutoka Kondoa, "Shikamoo mama yangu." Nikamwona mama anang'aa uso mzima. Nikaondoka na zile nguo kwenda chumbani, nikakaa kitandani nikazikunja upya, moja moja, nikiwasikia wakicheka.