Shafti Iliyorudi Kutoka Malakisi

Msinidhanie mtu wa porojo. Nimesoma vitabu vya kutosha, wala siamini mizimu kwa wepesi. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, jua likielekea kuzama, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, kabla sijahamia Kitale. Nilikuwa na karakana mjini Bungoma, nikikereza vyuma kwa oda. Mpaka leo naikumbuka kwa hamu harufu ile ya mafuta ya mashine, na maganda ya chuma yaliyojikunja miguuni pangu. Kilichonikera ni kimoja tu: wateja wasiopima.

Wafula wa Malakisi alitaka shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka, ya kinu cha mama yake, ambaye riziki yake yote ilikuwa kuwasagia majirani mahindi. Kipimo alicholeta kilikuwa kijiti. Alichonga tawi bichi la mkaratusi hadi likajaa tundu la puli, lile gurudumu la mkanda linalovikwa kwenye shafti, akaja nalo juani kwa baiskeli. Nani asiyejua kwamba mti mbichi hunywea ukikauka? Nilimwonya.

"Kata vile nimeleta, fundi."

Nikakata. Akarudi akifoka. "Inacheza ndani kama jino bovu! Ongeza kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo tu, bana. Si wewe ndiye fundi?"

Ya pili ikakataa kuingia. Nikamwambia alete shafti ya zamani. Akainamisha uso. "Hiyo haiko."

"Basi leta puli."

"Ni nzito, itavunja baiskeli. Nisaidie, fundi. Watu wanapeleka mahindi kwingine, na mama ameanza kuuza kuku wake."

Akaondoka, nami nikabaki na hasira na huruma.

Jioni iliyofuata, mvua ikipiga mabati, mzee mmoja aliyevaa koti la kijivu aliingia na kifurushi cha gunia. Akakifungua. Ilikuwa shafti iliyovunjika, imeganda udongo mwekundu, na baridi yake, niaminini, iliuma vidole.

"Pima hii," akasema. "Kijana wangu Wafula ana haraka tangu alipokuwa mdogo. Ati kijiti!" Akacheka kwa upole, kama mzazi achekavyo.

Nikapima kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, nikawasha mashine. Nilipoizima na kugeuka, mzee hakuwapo, wala kifurushi chake. Nikadhani amekwenda kutafuta chai.

Wafula aliichukua shafti mpya, kisha akarudi akitabasamu. "Imeingia sawasawa! Kinu kinanguruma, mama anaimba. Kipimo ulitoa wapi?"

"Si baba yako aliniletea ile ya zamani?"

Tabasamu likamtoka. "Fundi, baba tulimzika. Shafti ilivunjika siku chache kabla afe. Alikipenda kinu hicho, kwa hivyo mama akaiweka ndani ya jeneza. Niliona haya kukwambia."

Kalipa ile ninayo hapa Kitale. Huifuta, huifungia kabatini. Na kila mvua za kwanza zinaponyesha huikuta na udongo mwekundu kati ya taya zake. Siufuti upesi. Hukaa nikaukumbuka mlio wa karakana yangu, na kicheko kile.

Nawe unayekwenda kwa fundi, nisikilize. Kutopima ni namna ya kusema uongo, na kuna mtu atakayeulipia. Beba puli, hata ikikuvunja mgongo. Usimlazimishe baba yako kuinuka alikolala, atembee kwenye mvua toka Malakisi, kusahihisha kazi uliyoifanya kwa haraka.