Shibiri Moja, Kilo Moja

Siku moja ningali naikumbuka, mwanangu: nilibeba aibu kwenye boda kutoka Ikonge hadi Birongo, nimeifunga vizuri kwa majani ya mgomba, nikidhani ni samaki.

Leo ukifika Ikonge, uliza ni nani mwenye mabwawa sita ya samaki na duka la simiti lenye milango mitatu. Utaletwa kwangu, na anayekuleta ataongeza chumvi kidogo, nami simkatazi. Shule niliiachia darasa la sita, na wenye digrii huja kuniuliza chakula cha samaki kinachanganywa vipi. Lakini wakati huo nilikuwa na bwawa moja tu na mdomo wa mabwawa kumi.

Nilitaka kumwoa Kemunto wa Birongo. Babake, mzee wa kanisa la Kisabato, aliita watu arobaini Jumapili, waniangalie na waamue kama nafaa. Nikampigia simu huyo mzee, nikimwita Tata kama baba yangu mwenyewe.

"Tata, msichinje kuku. Samaki naleta mimi, kilo ishirini."

"Ishirini kweli?"

"Zikipungua, msinipe msichana."

Ulimi huponza kichwa, mwanangu. Wangu uliponza kichwa na kuku wakaponea hapo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nilikuwa na samaki mmoja mzee aina ya ngege, urefu wake shibiri mbili. Nilishampima kwenye mzani wa kituo cha majani chai, kina mama wakinung'unika kwamba chai yao itanuka, akatoka kilo mbili kamili. Basi, shibiri mbili ni kilo mbili, kwa hiyo shibiri moja ni kilo moja. Nani angenipinga? Jumapili asubuhi nikavua ngege ishirini wa shibiri moja moja, nikawafunga kwa majani na kuwatia kwenye katoni. Kupima tena sikupima. Mzani niliona ni wa watu wasio na macho.

Kwetu mtu anayeposa hasogelei jikoni kwa mama mkwe, hata kumtazama usoni ni taabu. Kwa hiyo katoni yangu ilipokewa na nyanya yake Kemunto, ambaye kwa desturi ana ruhusa ya kukutania apendavyo. Akainyanyua kwa mkono mmoja.

"Mume wangu," akaniita, "kilo zingine umeziacha njiani?"

"Ni ishirini, nyanya. Ni vile wewe bado una nguvu."

"Nguvu zangu nilizizika na babu yako."

Akaagiza mzani ambao babake Kemunto hupimia majani chai yake kabla ya kuyapeleka kituoni. Wakaitundika katoni. Mshale ukasimama kwenye tano. Nikaupiga mzani kofi. Tano. Ikabidi nieleze ile hesabu yangu mbele ya wazee, na nilivyozidi kuieleza ndivyo nilivyozidi kutoa jasho.

Nyanya hakubishana. Alimwita kijukuu wake wa miaka miwili, akamsimamisha kando yangu. Kichwa chake kilifika chini kidogo ya mshipi wangu.

"Huyu ni nusu yako kwa urefu?"

"Ndiyo."

"Mbebe." Nikambeba kwa mkono mmoja. "Haya, sasa mimi nikubebe wewe, maana wewe ni watoto wawili tu."

Wazee walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Nyanya yeye hakucheka. "Samaki si kamba ya kufungia mbuzi, bwana wangu. Akirefuka, anapanuka mgongo na tumbo pia."

Tulikula. Waliokaa mbele walipata samaki mmoja mmoja, wa nyuma wakachovya ugali wa wimbi kwenye mchuzi. Kisha babake Kemunto akasimama.

"Kijana, ulisema zikipungua tusikupe. Wewe ni mtu wa kusimama kwa neno lako?"

Ningejibu nini? "Ndiyo, Tata."

"Basi leo hatukupi."

Nilirudi nyumbani na katoni tupu. Miezi minne nililisha samaki wangu na kuwapima, mmoja mmoja, mpaka nikajua kwamba wanaofika nusu ya urefu wa mwenzao, ni wanane ndio wanamfikia uzito. Nikapiga simu tena: "Tata, naleta samaki kidogo." Zilikuwa kilo ishirini na sita. Nyanya alijaribu kuiinua katoni kwa mkono mmoja, akajaribu kwa miwili, akaketi. "Mpeni huyu mke upesi," akasema, "kabla hajapiga hesabu nyingine."

Mwanangu, ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Urefu wa kitu utakudanganya, wa samaki, wa ng'ombe, hata wa mtu. Pima kwanza, ndipo uahidi. Na ukiahidi, taja pungufu, uwaache watu wenyewe washangae. Na ukikosea, simama hapo hapo ukosolewe, usitoroke, kwa maana ningetoroka siku ile, nisingekuwa na mke.

Mungu akujalie bwawa lisilokauka, mkono mrefu kuliko mdomo, na wakwe wenye njaa ndogo.