Ubao Uliopita Gisenyi Bila Kusimama

Kuna aibu ambazo mtu huzizika, lakini hii yangu ilishuhudiwa na mudugudu mzima, yaani mtaa wetu wote, wakiwa na majembe mikononi, kwa hiyo hata nikinyamaza mtaisikia kwa wengine, tena ikiwa imetiwa chumvi. Heri niseme mwenyewe.

Mnajua naandika riwaya ya bahari. Bahari yenyewe sijaiona (nimezaliwa hapa Gisenyi, maji yangu ni ziwa Kivu), lakini nilikuwa nimeshaandika sura tatu zenye mawimbi na machozi, na sura tatu zinatosha kumfanya mtu ajione nahodha. Ndiyo maana Solange wa klabu yetu ya kusoma aliposema yeye na wenzake wawili wanakwenda Tanzania kuteleza juu ya mawimbi kwa mbao, kuanzia Dar es Salaam wakishuka ufuo kwa ufuo hadi Mtwara, na kwamba wanatafuta mtu wa kuwaongoza ambaye watamlipia nauli na chakula, mkono wangu ulipanda kabla ya akili. Nikawahutubia. Nikawaeleza jinsi mbao zinavyofungwa juu ya basi, jinsi kondakta anavyobembelezwa, hata vijiji ambako pikipiki hukubali kubeba ubao ubavuni. Yote niliyatoa kichwani, na kichwa chenyewe hakijawahi kuvuka Kigali.

Solange halewi maneno. "Bon," alisema, "mbao moja iko Rubona kwa binamu yangu. Jumamosi saa tatu asubuhi uilete hapa mujini, kwa ufuko. Ukiweza kutembeza moja toka Rubona, tutakuamini na tatu kule pwani."

Rubona! Safari fupi ya minibus! Nilicheka. Ijumaa nikaenda kuuchukua ubao, nikalala kwa shangazi yangu hukohuko ili niwahi.

Asubuhi nilitoka na ubao kichwani, nikakuta barabara tupu, hakuna minibus, hakuna moto (pikipiki zetu za abiria), maduka yote yamefungwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambayo Rwanda nzima hutoka kuzibua mifereji na kufyeka, na magari hayatembei hadi saa tano. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Mimi nilikuwa nikiishi katika sura ya nne.

Kwenye kona mtu mmoja aliinua sepetu: "Kaka, kuja! Hiyo mbao tutaiweka juu ya mufereji, watu wapite!"

Hapo ndipo nilipopaswa kushika jembe kama binadamu na kumpigia Solange simu. Badala yake nilirudi kwa shangazi, nikamwachia simu isilowe, nikavaa suruali nyeusi ya kubana ya binti yake (katika riwaya yangu wote huvaa hivyo), nikashuka ziwani, nikalala kifudifudi juu ya ubao na kuanza kupiga maji kwa mikono kuelekea mjini.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu, maji yalimeremeta kama hariri iliyoanikwa, nikatunga sentensi mbili nzuri. Kisha upepo ukanishika mgongoni, na kila nilipoinua kichwa nione ninakoenda ubao ulipinduka nikanywa ziwa, basi nikaamua kutoinua kichwa tena, nikaenda hivyo, nikaenda, mpaka nikasikia injini. Boti ya doria.

"We mutu! Unaenda wapi na mbao?"

"Gisenyi, afande."

"Gisenyi iko nyuma yako. Ulishaipita. Hapa mbele ni Goma. Jeton yako iko wapi?"

Jeton, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka! Hata mfuko wa kukitia sikuwa nao. Wakanipandisha botini, wakanirudisha ufukweni, ambako umuganda ulikuwa umekwisha na watu, kama mia hivi, wameketi kwenye nyasi kwa mkutano.

Mama Béatrice, kiongozi wa mudugudu wetu, alinitazama kuanzia suruali kupanda juu. "Fabrice, mwanangu, tumeita jina lako mara tatu. Ulikuwa wapi?"

Afande akanijibia: "Alikuwa anahamia Kongo, mama."

"Na suruali ya dada yake!" mtu akadakia nyuma. Watu wakalala kwa kicheko.

Solange akasimama, buti zake zimejaa matope. "Nimekupigia mara tano nikwambie nilisahau umuganda, uje na minibus ya saa tano. Donc kiongozi wetu hawezi hata kungoja minibus?" Nikaanza kueleza habari za upepo, lakini alikuwa ameshawageukia watu. "Kuna mutu hapa anajua pwani ya Tanzania?"

Mama Zawadi, muuza sambaza, wale dagaa wa Kivu, akainua mkono polepole. "Nimekaa Lindi miaka kumi na minane kabla ya kurudi huku. Juu ya basi mbao zitavunjika, wanangu. Tafuteni lori la nazi, zilazeni juu ya magunia, na dereva msalimieni kwanza kabla hamjamtajia bei."

Wakapiga makofi. Mimi nikapewa jembe na kipande cha mfereji kilichobaki.

Waliondoka wiki iliyofuata. Solange alinitumia picha: Mama Zawadi juu ya lori, kanga kiunoni, anamwonyesha dereva njia kwa kidole, na nyuma yake kuna kitu cha buluu kisicho na mwisho ambacho nimekiandika sura tatu. Nimezichana. Na nimeapa: kuanzia sasa, hata ukiniuliza njia ya Mahoko, ambako nimefika mara mia, nitakwambia muulize dereva.